Tarehe Ukingoni mwa Felti

Karama, Dubai
12 Novemba 2006

Kaka Elisante,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Danuta, na kwamba baridi ya huko Polandi haijakugandisha masharubu kama kwenye ile picha ya mwaka juzi. Mimi sijambo. Kazi ya mapokezi hotelini inaendelea. Nakaa kwenye kiti kinachozunguka, najibu simu, na kuwaambia wageni "karibu sir, karibu madam" mpaka taya zinauma.

Leo nina ombi, na si langu. Nina rafiki anaitwa Mwanamkasi, mtu wa Tanga, tunakaa chumba kimoja hapa Karama, wanawake sita na jiko moja. Anafanya kazi kwenye londri kubwa kule Al Quoz, inayofua mashuka ya hoteli. Mashine yao ya kupasia ina rola tatu ndefu, zinazunguka juu ya bamba la chuma linalopashwa moto kwa mvuke. Shuka linaingia bichi upande huu, linatoka kavu upande ule. Sasa tangu mwezi uliopita, upande wa kushoto linatoka bichi. Fundi amekuja mara mbili. Kapapasa boila, kasema ni nzima, kanywa chai, kaondoka.

Hoteli imetoa onyo. Ikifika mwisho wa mwaka mashuka hayajatoka sawa, wanayapeleka kwingine. Mwenye londri, Bwana Thuwein, Mzanzibari wa siku nyingi hapa, amewaambia wazi kwamba hoteli hiyo ikiondoka ataizima mashine, na viza za wanawake sita wanaoiendesha zitafutwa. Watapanda ndege kurudi nyumbani mikono mitupu. Huyo rafiki yangu ana binti kidato cha tatu na hakuna mwingine wa kumsomesha. Basi nikakumbuka kwamba kaka yangu amekula chumvi yake yote kwenye mvuke.

La mwisho. Nyumbani wameniuliza tena habari ya kaburi la mama. Huu ni mwaka wa nne, ni udongo tu na msalaba wa mbao. Ukoo wetu unaujua, jiwe la kwanza huwekwa na kifungua mimba, na bila mkono wako fundi hagusi hata kijiko cha saruji. Nimewajibu kama kawaida kwamba kiwanda hakijakupa ruhusa. Lakini nimechoka, kaka. Nimechoka kukisemea kiwanda kilichokuzuia usimzike mama.

Mdogo wako,
Doris


Brzegowice, Polandi
26 Novemba 2006

Mpendwa mdogo wangu Doris,

Marahaba. Sisi wazima, ila theluji ya kwanza imeanguka na wifi yako ameanza kunikimbiza na kofia kila nikitoka. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimesimama, maana habari ya mvuke hainisomeki nikiwa nimekaa.

Mwambie rafiki yako tatizo si boila. Mvuke ukishatoa joto lake hugeuka maji. Maji hayo lazima yatoke, la sivyo hulala ndani ya bamba na kulipoza. Kwa hiyo chini ya mashine, kwenye bomba la kutolea maji, kuna kitu cha chuma kama kopo lenye kifuniko. Kazi yake ni kuyaachia maji yatoke na kuuzuia mvuke usitoroke. Upande wa kushoto una kopo lake, nalo nina hakika limeziba. Achukue mpini wa ufagio, ncha moja aiweke juu ya kopo, nyingine sikioni. Kopo zima husikika kama mtu anayemeza, akapumzika, akameza tena. Akisikia kimya, basi ni hilo. Wafunge mvuke kwanza, wasubiri lipoe, ndipo fundi alifungue na kuondoa kutu. Asiguse mtu kabla halijapoa! Hapa nimemwona mzee mmoja akiacha ngozi ya kiganja kwenye bomba.

Haya niliyajua kwa Babcia. Kwa lugha ya huku maana yake ni bibi, na ndivyo kijiji kizima kinavyoiita mashine yetu ya karatasi. Ililetwa hapa mwaka 1896 kwa mashua, vipande vipande, kwa sababu barabara ilikuwa tope. Ina silinda kumi na moja za kukaushia, kila moja inanipita urefu. Zamani karatasi ya hapa ilitengenezwa kwa matambara, na wanawake wa kijiji walikaa kando ya mto wakichambua mashuka makuukuu na kukata vifungo. Mpaka leo watoto huokota vifungo mtoni maji yakipungua. Kwa hiyo mashuka ya rafiki yako si mageni kwangu hata kidogo.

Karatasi hukandamizwa kwenye silinda na felti, kitambaa kinene kama blanketi la jeshi. Felti kwetu ina heshima yake. Siku inapofungwa tunaandika tarehe ukingoni kwa wino usiofutika, na siku inapotolewa tunaandika tena. Ukitazama ukingo unajua imefanya kazi siku ngapi, na hakuna wa kukudanganya. Mimi mwenyewe nimeandika tarehe hizo tangu nilipoajiriwa, 1985.

Kuhusu kaburi, nakuomba uvumilivu. Mashine moja, mhandisi mkuu mmoja. Nikiondoka wiki mbili kila kitu kinasimama. Mwakani nitajaribu.

Kaka yako,
Elisante


Karama, Dubai
20 Desemba 2006

Kaka Elisante,

Shikamoo, na mkono wa Krismasi kwako na wifi.

Mpini wa ufagio umefanya maajabu! Wenzake Mwanamkasi walicheka mpaka wakakaa chini kwenye mashuka. Mmoja wao, Joha wa Mombasa, akasema, "Ati unapigia mashine simu?" Lakini kopo la kulia lilikuwa linameza na kupumzika, vilevile ulivyosema, na la kushoto kimya kama limekasirika. Niliweka sikio mara tatu ili nihakikishe. Basi fundi akaitwa, mvuke ukafungwa, kopo likafunguliwa. Kutu iliyotoka humo ingejaza sufuria. Walipowasha, joto likaenea mpaka mwisho wa bamba.

Bwana Thuwein alishuka mwenyewe kutoka ofisini na kanzu yake nyeupe, akashika shuka, akalinusa kabisa. Akauliza, "Nani kakufunza haya, bibi weye? Huyu fundi nnamlipa kwa lipi basi?" Akaambiwa kuna kaka yupo Polandi, mhandisi wa kiwanda cha karatasi. Akasema, "Mwambie huyo kaka, akija Dubai nyumba yangu i wazi."

Sasa shida ni nyingine. Ule upande ulipokuwa baridi, yule fundi alikuwa amezidisha mkandamizo wa rola ili shuka likauke kwa nguvu. Ule mfuko mnene unaovikwa rola umelika, na mashuka yanatoka na mistari kama paja la mtu aliyelalia mkeka. Mfuko mpya unatoka Ujerumani na mwenye duka la vipuri anasema miezi mitatu. Hoteli imeongeza muda mpaka mwisho wa Februari, na khalas, haiongezi tena. Bwana Thuwein ameshaita orodha ya viza.

Sijui kama lipo la kufanya. Nakuandikia tu, kwa sababu tangu ulipotusaidia lile la kwanza watu wanasubiri barua yako kama majibu ya mtihani.

Mdogo wako,
Doris


Brzegowice, Polandi
4 Januari 2007

Mpendwa Doris,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya.

Nakuuliza swali moja la kizee. Huyo rafiki yako, mikono yake inapona? Maana wanaolisha mashuka kwenye rola huungua hapa juu ya kifundo, kwa ndani. Ajipake mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kazi, asisubiri mpaka baadaye. Na binti yake wa kidato cha tatu, ambaye kwa bahati yuko darasa moja na binti yako Teopista, namwombea afaulu.

Sisemi zaidi. Utaniambia ukipenda.

Kuhusu rola, hakuna haja ya Ujerumani. Mfuko ule ni nini kama si felti? Tunayo stoo. Ni felti ya kukaushia, pamba tupu, haiogopi joto. Nimepima kwa vipimo ulivyoandika nyuma ya barua, nikakata vipande vitatu na kuacha kiganja kimoja cha ziada kila upande. Wifi yako amenisaidia kuikunja, tumeipiga magoti kama tunafunga sanduku la safari. Nimeipeleka posta leo. Mtafute mshonaji mzuri. Aishone kwa uzi wa pamba tu, nailoni itayeyuka. Na mwambie asikate ukingo ule uliosokotwa, kwa sababu ukiukata ukingo felti hufumuka yote.

Naandika kwa haraka, Babcia ananguruma na ananiita.

Kaka yako,
Elisante


Karama, Dubai
18 Februari 2007

Kaka,

Shikamoo.

Kwanza nikuambie ukweli wangu, maana ninao wa kwako wa kukuuliza. Hakuna mapokezi. Hakuna kiti kinachozunguka. Ni mimi ninayelisha mashuka, mwaka wa pili sasa, na Mwanamkasi anasimama upande wa pili kuyapokea. Mikono yangu imeungua palepale uliposema. Nilikudanganya kwa sababu nilipomaliza kozi ya upigaji chapa uliniandikia kwamba mtoto wa mama hataenda Arabuni kufua nguo za watu, na ile barua mama aliagiza isomwe kanisani kwa sauti. Ningesemaje baada ya hapo? Nilijua umeshanigundua uliponiambia habari ya mafuta ya mgando. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kuyanunua.

Felti ilifika tarehe tisa. Tarehe ya mama, umeona? Nikaibeba kwenye teksi mpaka Satwa, kwa mshonaji mmoja Mhindi anayeshona viti vya magari. Akaigusa, akatikisa kichwa, akasema hajashika kitu kizuri hivi tangu aje nchi hii. Tarehe kumi na mbili tukaivika. Kaka, mashuka yanatoka kama karatasi! Meneja wa hoteli alikuja mwenyewe, akapitisha kiganja, akatia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Viza zetu sita zimesimama. Joha alinibeba mgongoni akanizungusha londri nzima, na Bwana Thuwein akajifanya hatuoni.

Sasa swali langu. Mshonaji hakukata ukingo, kama ulivyoagiza. Nilipokuwa namshikia kitambaa niliona wino. Imefungwa 14.5.2002. Imetolewa 30.8.2002. Kando yake kuna neno nisilolijua, KONIEC. Kuna dada mmoja Mpolandi anayekata nywele saluni ya jirani, nikamwita. Akasema maana yake ni mwisho.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma ukingo. Uliandika kwamba hakuna wa kukudanganya. Felti iliyofanya kazi miezi mitatu na nusu haijachoka, hata mimi dobi najua. Mashine inayonguruma haigawi nguo yake. Basi nikawaza, nikafika nilipokuwa sitaki kufika. Kiwanda kilikufa Agosti 2002. Mama alifariki tarehe 9 Februari 2003. Nilikupigia simu kutoka posta ya Mwanga, nikiwa nimesimama kwenye foleni na kanga ya msiba, ukaniambia, "Mdogo wangu, mashine haiwezi kusimama, nikiondoka watu mia mbili watakaa bila kazi." Nikarudi nikawaambia wazee maneno hayohayo. Nikakutetea. Mjomba Gervas alinitukana mbele ya watu, bado nikakutetea.

Nimekasirika, kaka. Felti yako imenifaa na nimekushukuru mbele ya wenzangu, lakini nikifika kitandani nakasirika. Mashine ilikuwa imeshasimama. Ulikuwa wapi?

Doris


Brzegowice, Polandi
11 Machi 2007

Doris, mdogo wangu,

Nilianza barua hii mara nne. Wifi yako amesema nisipoituma leo ataiandika yeye kwa Kiswahili chake cha maneno kumi.

Ni kweli. Tarehe 30 Agosti 2002, saa nane mchana, tulitoa karatasi ya mwisho. Wenye kampuni walisema mashine ya 1896 haiwezi kushindana na mtu. Mimi ndiye niliyefunga mvuke. Silinda kumi na moja zilichukua siku mbili kupoa, na wafanyakazi walikuja mmoja mmoja kuzishika, wakiwa wamevaa nguo za kanisani. King'ora cha kiwanda kilikuwa ndiyo saa ya kijiji hiki. Kilipokoma, watu walianza kuchelewa mambo, hata majogoo tuliwaona kama wamechanganyikiwa.

Tangu siku hiyo mimi si mhandisi wa mtu. Nimekaa na funguo. Mwaka uliofuata walitaka kumkatakata Babcia wauze chuma. Pani Zofia, yaani Bi Zofia, mama wa miaka themanini aliyechambua matambara akiwa msichana, alileta kiti akakaa mlangoni pa kiwanda, nami nikakaa naye. Wengine wakaongezeka na viti vyao. Tulikaa siku tisa, halmashauri ikakubali tumwache. Sasa Jumamosi wanakuja wanafunzi, nawaonyesha silinda, nawapa mpini wa ufagio wasikilize bomba la boila dogo la kupashia jengo. Wananiita bwana wa Babcia. Riziki yangu naipata kwa kutengeneza mabomba ya watu majumbani. Nimetambaa chini ya masinki ya kijiji kizima.

Siku uliyonipigia simu nilikuwa na nauli. Hilo ulijue, nisije nikajificha nyuma ya umaskini. Nauli tulikuwa tumeiweka kabatini, na siku hiyo Danuta alikuwa ameshaitoa ameiweka mezani. Niliona aibu, Doris. Niliondoka 1979 kijiji kizima kimenisindikiza na ngoma. Nilimwambia mama nitarudi na kiwanda mkononi. Sasa nirudi na mkoba uleule, kiwanda kimekufa, nisimame mbele ya jeneza nimwambie nini? Nikasema uongo wa haraka, halafu ikabidi niulishe kila mwaka. Siku mnamzika niliingia kiwandani peke yangu. Nilifagia sakafu nzima, mita sitini. Nilipofika mwisho nikaanza tena mwanzo.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nafagia.

Kuhusu ukingo. Felti ile ilikuwa bado mwilini mwa Babcia, mikanda yake ya mwisho. Tarehe ya kutolewa niliiandika siku ile tulipozima, ila sikuitoa, nikaiacha hapo ili wanafunzi waone. Sikuwa na nyingine stoo, nilikudanganya hata hilo. Nilipofika penye tarehe nilikuwa na mkasi mkononi. Nilijiambia ukingo haukatwi, felti itafumuka, na hiyo ni kweli, muulize fundi yeyote. Lakini ningeweza kuiweka tarehe kwenye kipande kilichobaki. Sikuiweka. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kunguruma peke yangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kuhusu kufua mashuka ya watu, ile barua yangu ya kanisani naifuta, neno kwa neno. Umefanya kazi niliyoifanya mimi maisha yangu yote, ya mvuke na felti, na umeifanya bila cheo. Naona fahari, na naona haya kwamba nimechelewa kukuambia.

Kaka yako,
Elisante


Karama, Dubai
1 Aprili 2007

Kaka Elisante,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea londri, nimekaa juu ya marobota ya mashuka wakati wa chakula. Mwanamkasi aliniona, akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Hasira haijaisha yote. Naijua, nitaendelea kuikuta siku mojamoja. Lakini ile picha yako unafagia mita sitini unarudi mwanzo, imenikaa. Hukuja, ila hukuwa unastarehe. Mimi nilidhani miaka yote hii ulichagua mashine ukatuacha sisi. Nilikuwa naionea wivu, chuma kile.

Sasa sikiliza. Kiwanda kimefungwa, kwa hiyo hakina tena ruhusa ya kukunyima. Bwana Thuwein amenipa likizo yote ya Desemba. Nimemwandikia mjomba Gervas kwamba tarehe kumi na tano fundi aje na mchanga na matofali, na kwamba kifungua mimba atakuwepo. Sikumwambia habari ya kiwanda, hiyo utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako. Atakutukana. Nitakaa karibu, nitaleta na kiti kama Pani Zofia.

Njoo na wifi. Njoo na mkoba uleule wa 1979 kama bado una mpini. Umeandika ungemwambia nini mama. Kaka, mimi nilikaa naye miaka yote ile, na kila barua yako ilipofika nilimsomea kuanzia juu mpaka chini, habari ya vyeo, ya silinda, ya watu mia mbili. Alikuwa anasikiliza yote, halafu anauliza swali moja tu, lilelile, mpaka mwaka aliofariki: "Hajasema kama anakula?"

Kwenye ukingo wa felti, chini ya neno lenu lile, nimeandika kwa wino usiofutika: Imefungwa Al Quoz, 12.2.2007. Nafasi ya pili, ya kuandika Imetolewa, nimeiacha wazi.

Mdogo wako, dobi,
Doris